Alifunga Ramadhani Nzima

Maziwa ya ngamia yalifika kwangu Jumanne asubuhi kama kawaida, ila aliyeyaleta hakuwa mwenye maziwa wangu. Alikuwa mwanamke mwenzake wa sokoni, amejifunika mtandio hadi puani, na alimimina lita yangu kwenye sufuria bila kunitania hata neno moja kuhusu sufuria yenyewe. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. "Mwalimu, mwenye maziwa ametuacha," akaniambia. "Aliingia leba, akazaa, damu ikakataa kusimama. Tumezika jana." Nilibaki nimeshika kifuniko. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba mimi si mtu wa kukosa la kusema; serikali ilinilipa mshahara miaka mingi kwa sababu ya mdomo wangu. Siku hiyo nilisema "poleni" nikaingia ndani, nikabandika maziwa jikoni, yakachemka yakafurika, nami nikasimama nikiyaangalia yakimwagika.

Hakuwa rafiki yangu, na sitajipachika urafiki ambao hatukuwa nao. Alikuwa mtu wa mlangoni. Maziwa yake yalitoka upande wa Kulamawe, yakiletwa alfajiri na gari lililojaa mitungi ya plastiki, na yeye pamoja na akina mama wenzake waliyapokea, wakayanusa, wakayaonja, wakagombana na dereva, kisha kila mmoja akashika njia yake. Yeye alishika njia ya Chechelesi, alikokaa, akipita kwangu kwanza. Alikuwa Mborana mrefu, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Mimi ni mwanamke Mmeru niliyehamia Isiolo kikazi nikasahau kurudi, na jambo hilo lilimfurahisha sana. "Nyinyi watu ya Meru mnajaza chai maji, halafu mnatafuta maziwa ya kuokoa," alikuwa akiniambia. Hakusoma, lakini alijua ninaandika gazetini, kwa kuwa mwanawe alimsomea siku moja kipande changu kuhusu fundi baiskeli aliyefariki. Kesho yake alinipokea na malalamiko: "Mwalimu, wewe unaandika watu wakishakufa tu. Andika mtu akiwa hai, asikie." Nikamwambia walio hai huwa wanakuja kulalamika. Akacheka hadi akaweka mtungi chini.

Leo ninaandika habari ya ndani ya mwili wake, na kuna watakaoniuliza kama nina haki hiyo. Jibu langu ni kwamba yeye mwenyewe alishanipa masharti yake. Alisema nikiandika nisitaje jina, na nisimfanye aonekane mjinga. La kwanza ni rahisi, sijawahi kutaja jina la mtu katika safu hii. La pili halinipi taabu pia, maana katika hadithi yote hii sijaona mahali alipokuwa mjinga. Kilichomkuta ni kwamba kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa na mtu anayempenda.

Mambo yalianza na uzazi wake wa mwisho, nikimaanisha wa mwisho kabla ya huu. Alivuja damu siku hiyo karibu afe, na daktari aliyemhudumia akamwambia waziwazi kwamba kizazi chake kimechoka, mimba nyingine inaweza kumwondoa duniani. Akapewa nafasi ya kuchagua njia ya kupanga uzazi, akachagua koili, ile ambayo vitabu vinaiita kitanzi. Yake ilikuwa ya homoni: kitu kidogo chenye umbo la herufi T, kinakaa ndani ya kizazi miaka kadhaa kikitoa dawa kidogo kidogo. Mumewe, dereva wa lori la mifugo, hakuambiwa. Ukoo wake haukuambiwa. Mimi niliambiwa, nikashangaa, nikamuuliza kwa nini mimi. Alinijibu huku akifuta mdomo wa mtungi kwa upindo wa leso: "Kwa sababu wewe huna ukoo hapa. Ukisema, utamwambia nani?" Sijawahi kupewa sifa ya namna hiyo.

Wakati wa kuwekewa alipimwa magonjwa kwanza, akakutwa mzima. Alikuwa ameambiwa pia kwamba kwa koili ya aina hiyo hedhi hupungua, na kwa wanawake wengi hukoma kabisa, na kwamba hilo si ugonjwa. Kwake ilikoma. Alifurahi mwanzoni, maana mwanamke anayeamka kabla ya adhana na kubeba mitungi hahitaji usumbufu mwingine. Kisha Ramadhani ikaingia, na mama mkwe wake akaja kutoka Korbesa kufunga nao mjini.

Kwa wasomaji wangu Wakristo naomba nieleze. Mwanamke wa Kiislamu akiwa katika siku zake hafungi wala haswali. Siku alizokosa za saumu atazilipa baadaye. Katika nyumba yenye wanawake, jambo hilo linajulikana bila kutangazwa. Anayekunywa chai jikoni mchana haulizwi, na mama mkwe hujua mwezi wa mkaza mwanawe kama anavyojua ng'ombe yupi ana mimba. Sasa hapa pana mwanamke mwenye umri wa kuzaa, tumbo lake bapa, hanyonyeshi, na anafunga siku zote bila kukosa hata moja. Mama mkwe alianza kumtazama. Jumatatu moja mwenye maziwa alikuja kwangu uso umemshuka, akaniambia kwamba macho ya yule mama yanamfuata hadi kwenye mswala.

Mimi nilidhani nina suluhisho, na nililitoa kwa ule ujasiri wa watu wasiofunga. Nilimwambia, "Njoo ukae kwangu mchana siku nne tano. Kunywa chai. Nyumbani sema uko katika siku zako." Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Mwalimu, bwana nimemficha. Mama mkwe nimemficha. Sasa unataka nile mchana wa Ramadhani na mimi ni mzima? Mungu sitamdanganya." Nilijaribu kumwambia kwamba Mungu anaelewa. Akasema, "Ndio, anaelewa. Ndio maana." Akabeba mtungi wake akaondoka. Alifunga mwezi mzima, na siku ya Idi jioni mama mkwe akamuuliza ana kwa ana, naye akakiri kwamba ana koili.

Ningependa kuwaambia kwamba yule mama alipiga kelele, kwa maana mtu anayepiga kelele ni rahisi kumchukia. Hakupiga. Aliogopa. Alikuwa mwanamke aliyezaa wengi na kuzika wengine, aliyemletea mkaza mwanawe samli kila safari, na aliuliza swali moja tu: "Hiyo damu inaenda wapi?" Swali hilo, ndugu zangu, ndilo lililobeba msiba wote huu. Katika akili yake damu ya kila mwezi ni uchafu ambao lazima utoke. Kama haitoki, imekaa. Kama imekaa, itaoza, na siku moja kizazi kitaoza nayo. Mwenye maziwa alijaribu kumweleza alivyoelezwa kliniki, kwamba dawa ya koili hufanya utando wa ndani ya kizazi ubaki mwembamba, hivyo hakuna damu iliyokusanyika ya kutoka. Yule mama alitikisa kichwa. "Itakuoza ndani, mwanangu," akasema, na akakubali kumficha kijana wake jambo hilo kwa muda, huku akisubiri.

Hakusubiri sana. Miezi michache baadaye mume alirudi kutoka safari ndefu ya kupeleka mbuzi na ng'ombe, akakaa nyumbani, akaondoka tena. Baada ya hapo mwenye maziwa akapatwa na maumivu chini ya kitovu, homa, na uchafu wenye harufu. Alifika mlangoni kwangu ameinama, mkono mmoja umeshika ukuta, na mtungi haukuwepo. "Mama mkwe amesema ndio hiyo sasa," akanieleza. "Imeanza kuoza." Nilivaa viatu tukaenda hospitali pamoja.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole na subira kubwa kuliko niliyowahi kuwa nayo darasani. Alimpima, akachukua vipimo, akatuketisha, na nilimwomba aeleze polepole kwa sababu nilijua maneno yake yatapelekwa nyumbani yakahojiwe. "Mama, haya ni maambukizi ya nyonga," alisema. "Viini vimetoka ukeni vikapanda hadi kwa kizazi na mirija. Vipimo vinaonyesha kisonono. Najua watu watasema ni koili. Koili inaweza kuongeza hatari kidogo, lakini ni zile wiki tatu hivi za kwanza baada ya kuwekwa, hasa kama mtu alikuwa na ugonjwa tayari ukasukumwa ndani. Wewe ulipimwa, ulikuwa mzima, na umekaa nayo zaidi ya mwaka. Baada ya hizo wiki hatari inashuka, inakuwa karibu sawa na mtu ambaye hana. Tena hii yako ya homoni inafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, viini vinapata shida kupita. Inaweza hata kusaidia kidogo. Lakini kuzuia kisonono chenyewe haiwezi. Hiyo ni kazi ya kondomu."

Mwenye maziwa aliuliza kama itabidi itolewe. Daktari akasema si lazima. Angechomwa sindano, ameze vidonge wiki mbili bila kuruka, arudi siku ya tatu aangaliwe. Akiwa amepata nafuu, koili ingebaki mahali pake. Akiwa hajapata, ingetolewa. "Lakini mzee lazima atibiwe pia," akaongeza, "na msikutane mpaka nyote mmalize dawa. Asipotibiwa, utarudi hapa." Nilidhani mwenzangu hakuelewa, kumbe alikuwa ameelewa mbele kuliko mimi. "Daktari," akasema, "mimi nitamwambia huyo mtu nini? Nikisema ameze dawa, nimesema ametoka nje. Nikisema ametoka nje, atauliza na wewe ulipimwa nini, na kwa nini. Halafu itafika kwa koili." Akageuka kwangu. "Kila mahali nageuka iko ukuta, mwalimu."

Alipata nafuu kama alivyoambiwa. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, na wiki ya pili alikuwa anabeba mitungi na kunisimanga tena kuhusu chai. Koili haikuguswa. Mtu mwenye akili ya shule kama mimi alidhani hiyo ni hoja tosha: kama koili ndiyo iliyoozesha, mbona amepona nayo ndani? Nilimtuma nayo nyumbani kama mtoto wa mdahalo. Mama mkwe alijibu kwamba dawa zimetuliza tu, na mume akarudi kutoka safari, hajaambiwa kitu, na maumivu yakarudi naye. Mara hii yule mama hakusubiri tena. Alimweleza kijana wake kila kitu, na watatu hao wakaketi sebuleni kuamua.

Mambo ya sebule hiyo nayajua kutoka kwake tu, naye alinisimulia bila kulia, akitazama ukuta. Mume hakumpiga wala hakumtaliki. Alisema ugonjwa umeletwa na hicho kitu, na kitolewe. Mke akasema daktari anataka wote wawili wameze dawa. Mume akasema sawa, atameza, lakini kitu kitoke kwanza, na hakuna kingine kitakachoingia mwilini mwa mkewe, si sindano, si kijiti cha mkononi, si vidonge, mpaka kizazi kipumzike. Mama mkwe akaleta msahafu. "Nikaapa," aliniambia. Nilimuuliza kwa nini aape. Nilikasirika, nikapaza sauti, nikamwambia kwamba kliniki ina njia nyingine ambazo hakuna atakayejua, na kiapo cha kulazimishwa si kiapo. Alisubiri nimalize. "Kama singeapa, hangemeza. Kama hangemeza, ningeugua tena na tena mpaka mirija ife. Daktari alisema hivyo pia. Na sasa nimeapa, mwalimu. Unanijua."

Ndiyo, nilimjua. Nilikuwa nimemjua tangu ile Ramadhani. Kitu kilichonifanya nimheshimu kuliko watu wengi wa mji huu ndicho kilichomfungia mlango wa mwisho. Mwongo angeishi. Mwanamke mwenye ulimi wa pande mbili angekunywa chai yangu mchana, mama mkwe asingejua lolote, na leo asubuhi angekuwa mlangoni kwangu akinisimanga. Nimelizungusha wazo hili kichwani wiki nzima na halinipi usingizi mzuri. Tumejenga nyumba ambazo mwanamke mkweli hana pa kupita, kisha tunasimama kwenye mazishi tukisema alikuwa mcha Mungu.

Nimewaza pia juu ya koili yenyewe. Sebuleni mle kulikuwa na watu watatu, na kila mmoja alihitaji mkosaji. Mama alihitaji kitu cha kuelezea maumivu ya mkaza mwanawe ambacho hakikuwa mwanawe mwenyewe. Mume alihitaji kitu cha kuelezea ugonjwa ambacho hakikuwa barabara na vituo vyake. Mke alihitaji amani. Na hapo katikati kulikuwa na kipande cha plastiki kisicho na mdomo wala ukoo, kisichoweza kusema kwamba mimi nilikuwapo hapa mwaka mzima na hakuna aliyeugua. Kilihukumiwa bila wakili. Sidhani kwamba ni Waborana tu wanaofanya hivyo; kwetu Meru nimeona sindano ya kupanga uzazi ikilaumiwa kwa kila kitu hadi mazao kukauka. Kwa kweli dawa yoyote ina madhara yake, na mwanamke anayepatwa na maumivu ya nyonga, homa au uchafu asioujua, awe na koili au hana, aende hospitali mapema, asikae nyumbani akisubiri mtu ashinde mabishano. Lakini aende na mwenzake. Hilo ndilo linalotushinda. Tunakubali mke afunguliwe miguu mbele ya wageni, apimwe, achomwe, aulizwe maswali ya aibu, na mume tunamtafutia kisingizio ili asimeze vidonge.

Koili ilitolewa, na mume alimeza dawa zake, lazima niseme. Alitimiza ahadi, na ugonjwa haukurudi. Kabla mwaka haujaisha mwenye maziwa alikuja mlangoni, akamimina lita yangu, akafunga mtungi, akasema, "Nimeshika." Alisema kama mtu anayetaja hali ya barabara. Alihudhuria kliniki bila kukosa, akaambiwa ajifungulie hospitali kubwa, akafanya hivyo. Alifanya kila alichoambiwa, na yule daktari wa kwanza aliyemwonya akawa hakukosea.

Jumatano nilikwenda Chechelesi kutoa rambirambi. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Mume aliinuka akanipa mkono, macho mekundu, akasema, "Asante kwa kuja, mwalimu," na sikuweza kumchukia kama nilivyojiandaa. Ndani, wanawake walikaa mkekani wameegemea kuta, na habari iliyozunguka pamoja na birika la chai ilikuwa ile ile. Ile kitu iliharibu tumbo. Ilitolewa, lakini ilikuwa imeshaharibu. Wasichana wawili waliokaa karibu na mlango walitazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho ataenda yake itolewe. Nilimwambia, "Usitoe kabla hujaongea na daktari," akaniangalia kama mtu anayeangalia mgeni, ambaye ndiye mimi.

Mama mkwe alikuwa kwenye kona, mtoto mchanga mapajani. Ni msichana, mrefu wa vidole. Nilimsogelea nikampa pole kwa maneno machache ya Kiborana ninayojua, akanivuta nikae. Alikuwa amesema ile kitu iliua, nilimsikia mwenyewe mbele ya wote nilipokuwa nikivua viatu. Sasa alisubiri mazungumzo yahamie upande wa pili wa chumba, akainama juu ya mtoto kana kwamba anamrekebishia blanketi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Mwalimu. Wewe ulienda na yeye kwa daktari. Hiyo kitu kama ingekaa ndani, mimba haingeshika?"

Nikamwambia haingeshika.

"Angekuwa hai."

Nikamwambia, "Pengine angekuwa hai, mama."

Kidole chake kilikuwa ndani ya ngumi ya mtoto. Kisha wanawake wakageuka kutuangalia, na yeye akaniambia bila kuinua kichwa, "Usiseme hiyo hapa."

Sikuisema pale. Nimeisema hapa.